Bahari imejaa salfeti, mbona bakteria wanasubiri salfa ya mwani?

#1 KaaKoche (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Lita moja ya maji ya bahari ina salfeti takriban gramu 2.7. Kwa uzito inashika nafasi ya tatu, baada ya kloridi na sodiamu. Kwa hiyo kiumbe wa baharini hana sababu ya kulia njaa ya salfa.

Sasa kuna hawa bakteria wa kundi la SAR11. Waligundulika kwa jeni zao mwaka 1990 kwenye bahari ya Sargasso, na hesabu za watafiti zinawapa kama robo ya seli zote za planktoni. Mmoja wao, Pelagibacter ubique, jenomu yake ilisomwa yote mwaka 2005: herufi 1,308,759 tu. Walipoipekua, jeni za kugeuza salfeti kuwa salfa ya kujengea mwili hawakuzikuta. Mwaka 2008 wakajaribu maabara: mpe salfeti peke yake, hakui. Mpe methionini (asidi amino yenye salfa), au ile DMSP, kemikali yenye salfa inayotengenezwa na mwani, anakua.

DMSP iliyoyeyuka baharini ni nanomoli chache kwa lita. Salfeti ni milimoli 28. Tofauti ni mamilioni ya mara! Swali langu: kwa nini kiumbe aliyezama kwenye salfeti ajenge protini za kuvuta kitu adimu namna hiyo kupitia utando wake? Nani anajua?

#2 Mtepe72
Nakaa hapa mbele na kahawa yangu. Endeleeni.

#3 FundiPampu
Swali zuri mkuu, ila jibu ni gharama tu.

Salfeti ikishaingia ndani bado hailiki. Kuifikisha kwenye salfaidi, ili itengeneze sisteini (kiungo cha protini), unahitaji elektroni 8. Na kabla elektroni hata moja haijatolewa, unachoma ATP mbili (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli) za kuiamsha. Tena hapo hujalipa kiingilio. Salfeti ina chaji hasi mbili na ndani ya seli kuna hasi tayari, kwa hiyo unaisukuma kinyume na umeme wa utando.

DMSP inakuja na salfa yenye elektroni zake tayari. Ukiingiza moja umemaliza kazi nusu. Kwa mdudu mdogo kiasi kile, anayeishi kwenye maji yasiyo na chakula, hilo halihitaji mjadala.

#4 BintiMtende
#3 umeeleza vizuri kwa nini DMSP ni rahisi. Hujaeleza kwa nini wamezitupa jeni za salfeti kabisa. Kitu cha bei nafuu unakipenda, lakini huchomi moto jiko lako la akiba.

Mimi naenda na maelezo ya jenomu kubana. SAR11 ni wengi mno, na katika idadi kubwa vile uteuzi wa asili unaona hata faida ndogo. Jeni isiyotumika kila siku ni fosforasi na nitrojeni inayopotea kila seli ikigawanyika, na huko bahari kuu vyote viwili ni vya kutafuta kwa tochi. Wamepunguza hadi kubaki na jeni 1,354 za protini. Salfeti imeondoka kwenye punguza-punguza hiyo pamoja na vingine vingi.

#5 Mwarabu wa Lamu
Ndugu zangu, mnaruka hatua. Mie si mtu wa sayansi. Hiyo DMSP inaingiaje? Si ipenye tu kama gesi?

#6 Ticha_Kemia
#5, nakujibu kwa urefu kidogo, wajuzi mnivumilie.

DMSP ina chaji chanya upande mmoja (kwenye salfa) na hasi upande wa pili. Kwa jumla ni sifuri, lakini mafuta ya utando hayaipitishi. Kitu chenye chaji mbili kinapenda maji. Kwa hiyo lazima apatikane wa kuipitisha.

Bakteria hawa wana tando mbili. Wa nje una matundu ya protini, na molekuli ndogo kama hii inapita bila shida. Kazi ipo utando wa ndani. Hapo njia kuu ninazozijua ni tatu.

Ya kwanza ni ABC. Katikati ya tando mbili kunazunguka protini ya kushika. Fikiria mpiga debe wa stendi: anamkamata abiria mmoja kwenye umati, anamleta hadi mlangoni, anamkabidhi, anarudi kutafuta mwingine. Mlango wenyewe unafunguka kwa kuvunja ATP.

Ya pili ni TRAP. Nayo ina protini ya kushika, ila mlango hauli ATP. Unasukumwa na sodiamu inayotaka kuingia ndani.

Ya tatu ni familia ya BCCT, ya betaini, kolini na karinitini. Haina protini ya kushika. Ni mlango peke yake, na mara nyingi nao unaendeshwa na sodiamu. DddT ya Halomonas, bakteria anayekula DMSP, ni ya ukoo huu.

Sodiamu baharini ni karibu milimoli 470 kwa lita, kwa hiyo nguvu ya kuendeshea ipo bwerere nje ya mlango. Bakteria analipa baadaye, kwa kuitoa nje tena.

#7 KondaMstaafu
Mpiga debe anayekamata abiria mmoja mmoja na gari linaondoka? Huyo wa kwetu angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

#8 FundiPampu
Basi kama sodiamu ni bwerere, SAR11 atakuwa anatumia sodiamu kila mahali na ABC kaachia wa nchi kavu. Gharama tena, mnaona?

#9 Ticha_Kemia
#8 hapana. Mwaka 2009 walichota maji Sargasso wakapima protini zilizopo kweli kwenye seli, si jeni tu. Za SAR11 zilizoongoza zilikuwa protini za kushika, wale wapiga debe wa #7, na ABC zikiwa nyingi. Yaani pale penye njaa kali ndipo wanapotumia mlango unaokula ATP.

Sababu inayotajwa ni ushikaji. Mwaka 2024 watafiti wa Okinawa walitengeneza protini za kushika za SAR11 maabara na kuzipima moja moja. Nyingine zinashika mzigo wake hata ukiwa kwenye nanomoli, na zipo zinazofika pikomoli. Kitu kikiwa adimu hivyo, ATP si hoja. Hoja ni kukikamata kabla ya jirani.

Gharama ipo, #8, ila haichagui yenyewe.

#10 FundiPampu
Sawa, ATP moja nimewaachia. Elektroni 8 bado ninazo mkononi.

#11 ShungiLaZenji
Naona wote mmeshika salfa tu. Mimi nafanya kazi na viumbe vya maji chumvi, na swali la kwanza kwetu huwa: kitu hiki kinafanya nini dhidi ya chumvi?

DMSP kwa mwani ni ya kuhimili chumvi, pengine na kujikinga na oksijeni kali. Ndani ya seli za baadhi ya mwani wadogo inafika mamia ya milimoli. Iweke kando ya glisini betaini, kitu kingine cha kuhimili chumvi, uone: hii ina nitrojeni yenye methili tatu, ile ina salfa yenye methili mbili. Mkia ni karibu uleule. Visafirishi vya BCCT vilichunguzwa kwanza kama vya kuokota betaini. Ile BetP inayosomwa sana inatoka Corynebacterium glutamicum, bakteria wa udongoni kabisa! Inaingiza betaini moja na sodiamu mbili, na mfuko wake umezungukwa na triptofani (asidi amino za protini hiyo) zinazoshika chaji chanya bila kuuliza kama ni nitrojeni au salfa.

Kwa hiyo nasema mlango ulikuwepo kwa ajili ya chumvi. DMSP ilipita kwa kufanana. Salfa ikawa faida ya baadaye.

#12 BintiMtende
Dada #11, umenigusa, lakini SAR11 anaishi bahari kuu. Chumvi kule ni gramu 35 hivi kwa kilo, leo, kesho na mwaka ujao. Maandalizi ya chumvi ya nini? Kwenye mlango wa mto Rufiji ningekuelewa.

#13 ShungiLaZenji
Chumvi isiyobadilika bado ni chumvi. Seli lazima iwe na kitu cha kuilinganisha saa zote, si siku ya mafuriko tu. Na visafirishi vyao vya betaini vimepimwa: vinashika vitu kadhaa mlango mmoja. Mwenye jenomu ndogo hana nafasi ya kuweka mlango kwa kila mgeni. Hoja yako ya kubana jenomu inanisaidia mimi zaidi yako.

#14 Mtepe72
Kahawa imeisha. Nani ana ya ziada?

#15 BahariNyeusi_Mvita
Jameni, hii salfa si ndiyo ile harufu ya matope ya mikoko? Hapa kwetu Tudor maji yakitoka unasikia yai viza mpaka barabarani. Hao bakteria ndio hao?

#16 Ticha_Kemia
#15 hao ni wengine kabisa. Wa mikokoni wanaishi pasipo oksijeni na wanaivuta salfeti kwa wingi, lakini si ya kujenga mwili. Wanaipumua, kama sisi na oksijeni, wakitoa haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo yai viza yako.

Ila kuna kitu kizuri juu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionyeshwa kwamba wale wa maji chumvi wanaingiza salfeti pamoja na sodiamu, wakati ndugu zao wa maji baridi wanaiingiza pamoja na protoni. Kazi moja, salfeti moja, nauli tofauti kulingana na mtaa.

Harufu ya DMS, gesi inayotoka DMSP ikikatwa, ni nyingine. Karibu na ile ya kabichi au mahindi yanayochemka. Harufu mnayoiita ya bahari, sehemu yake ni hiyo.

#17 Msafiri_Uholanzi
Nathibitisha #16. Naishi Den Haag, na pwani ya Scheveningen kila majira ya kuchipua kuna povu la rangi ya krimu linatoka kwa mwani mmoja anaitwa Phaeocystis. Ni mtengenezaji mkubwa wa DMSP. Ukisimama upande wa upepo unaisikia. Mwaka 2020 povu hilo lilikuwa nene kiasi kwamba watelezaji mawimbi watano walikufa baharini hapo, hata waokoaji walikuwa hawaoni kitu. Tangu hapo sichezi nalo.

#18 KondaMstaafu
Pole sana ndugu. Kwa hiyo mwani unatoa povu, bakteria anakula, sisi tunanusa. Kazi imegawanyika vizuri.

#19 Mkaguzi_wa_Hoja
Nimesoma kutoka #1. Kuna mambo mawili ya kunyoosha.

Moja: kichwa cha uzi kinasema salfa ya mwani. Si mwani tu. Matumbawe machanga ya Acropora yanatengeneza DMSP yenyewe, hilo lilichapishwa 2013. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba hata bakteria wapo wanaoitengeneza, mmojawapo Labrenzia aggregata. Ila ni kweli iligunduliwa kwenye mwani: Challenger na Simpson, 1948, mwani mwekundu wa Polysiphonia.

Mbili, na hii ni kubwa. Mnasema SAR11 ana njaa ya salfa. Mwaka 2016 wakamchunguza Pelagibacter akiwa na DMSP ya kutosha. Anaitoa nje kama gesi mbili kwa wakati mmoja, DMS na methanethioli. Zote mbili zina salfa! Mwenye njaa hatapiki.

Kwangu hiyo ina maana anaivuta kwa ajili ya kaboni. DMSP ina kaboni tano kwa salfa moja, na bakteria anahitaji kaboni nyingi mno kuliko hapo kwa kila salfa. Akila hadi ashibe kaboni, salfa inazidi. Ile inayozidi inaondoka yenyewe, kwa sababu gesi, tofauti na DMSP, inapenya utando bila mlango.

#20 KaaKoche
#19 asante, hiyo ya gesi sikuijua. Lakini basi kwa nini jaribio la 2008 akose salfa asikue?

#21 Mkaguzi_wa_Hoja
Kwa sababu anahitaji kidogo na hana pengine pa kuipata. Kuhitaji kitu si sawa na kukifuata. Mimi nahitaji chumvi, lakini siendi hotelini kula chumvi.

#22 FundiPampu
#19 unasahau kazi za Ronald Kiene na wenzake, 1999. Waliweka alama ya mionzi kwenye salfa ya DMSP, wakaifuata ndani ya bakteria wa baharini. Ikakutwa kwenye protini, hasa ndani ya methionini. Hao walikuwa bakteria wa kila aina kwenye maji ya kawaida, na salfeti ipo tele pembeni yao. Kama ni kaboni tu, kwa nini salfa inafika kwenye protini?

#23 Mkaguzi_wa_Hoja
Ukiwa nayo ndani tayari utaitupa yote? Inafika kwa sababu ipo.

#24 FundiPampu
Basi elektroni 8 zimeokolewa. Nimefurahi umekuja upande wangu.

#25 BibiWaPweza
Jamani na taurini? Nimesoma mahali kwamba nayo ina salfa na viumbe vya baharini wanaitoa. Ule unga mweupe juu ya ngisi mkavu nasikia ndiyo taurini. Bakteria hawaitaki?

#26 KondaMstaafu
Ule wa kwetu Feri ni chumvi mama, usidanganywe. Mwenye duka anaipaka mwenyewe kuongeza uzito.

#27 Ticha_Kemia
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Ngisi aliyekaushwa bila kutiwa chumvi, unga ule una taurini nyingi kweli. Akitiwa chumvi, onja mwenyewe.

Bakteria wanaitaka sana taurini. Wapo wanaotumia ABC iitwayo TauABC, ile ya E. coli inayowashwa akikosa salfa. Wapo wenye TRAP iitwayo TauKLM. SAR11 naye anaila. Lakini tazama: salfa ya taurini inatoka kama salfaiti, ambayo bado inadai elektroni 6, na Pelagibacter hana kimeng'enya cha kuipa. Anachopata hapo ni kaboni na nitrojeni.

#28 Mkaguzi_wa_Hoja
Asante #27. Kisafirishi cha kitu chenye salfa, na salfa yenyewe haimfai. Nimekuwa nikisema nini?

#29 ShungiLaZenji
Na taurini nayo ni ya kuhimili chumvi kwa wanyama wengi wa baharini. Mimi nimekuwa nikisema nini?

#30 Mtepe72
Kila mtu anashinda kwenye uzi huu. Sijawahi kuona.

#31 NdugyeRuzizi
Salamu toka Bukavu. Huku kwetu kuna ziwa, hakuna bahari. Bakteria wa ziwa wanafanya hivyo pia?

#32 Ticha_Kemia
Karibu ndugu. Sodiamu ya kuendeshea milango ziwani ni ndogo sana, kwa hiyo nauli kubwa ni protoni na ATP. Salfeti nayo ni chache kuliko baharini. Swali la #1 kwenu linageuka: huko salfeti yenyewe ndiyo ya kutafutwa.

#33 Ukoo_wa_Nahodha
Nimechelewa, lakini hamjataja kwamba bakteria hawana menyu moja. Mnamzungumzia SAR11 kana kwamba ndiye bahari yote. Ruegeria pomeroyi, aliyetolewa pwani ya Georgia, Marekani, jenomu yake ilichapishwa 2004. Huyu ana mlango wa DMSP, na ana TRAP ya kitu kingine kinaitwa DHPS, salfonati (kemikali yenye salfa) inayotoka kwa diatomu, aina ya mwani mdogo.

Mwaka 2015 waliwakuza pamoja, Ruegeria na diatomu Thalassiosira pseudonana. Diatomu akampa DHPS, naye akampa diatomu vitamini B12. Diatomu kwa kawaida hawatengenezi DMSP nyingi. Kwa hiyo ukiona bakteria ana mlango gani, unajua anakaa na mwani gani. Sababu ya mlango ni jirani, si salfa, si chumvi.

#34 BintiMtende
#33 jirani anaeleza mlango upi, haelezi kwa nini jeni za salfeti zilitupwa. Tunarudi kwangu.

Ipo na dhana ya 2012, ya Malkia Mweusi: kazi inayovuja kwa jirani, wewe unaiacha, na jeni yake unaipoteza. Mwani wakifa, wakiliwa au wakipasuliwa na virusi, DMSP inamwagika bure. SAR11 akaacha kupika.

#35 Msafiri_Uholanzi
Na mawingu? Niliwahi kusikia DMS inatengeneza mawingu na bahari inajipoza yenyewe.

#36 Mkaguzi_wa_Hoja
Hiyo ni dhana iitwayo CLAW ya 1987, Lovelock na wenzake watatu. Bahari inatoa takriban tani milioni 28 za salfa kwa mwaka kama DMS, na inageuka chembe za mawingu, hilo halina ubishi. Kwamba mwani anaendesha hali ya hewa kama mtu na feni, hapo 2011 Quinn na Bates waliipinga vikali na haijasimama vizuri tena. Lakini angalia: DMSP iliyopita mlango wa bakteria na kukatwa kwa njia ya methanethioli haifiki angani kama DMS. Kwa hiyo milango tunayobishania ina kauli hata kwa mvua.

#37 BahariNyeusi_Mvita
Mwambieni basi aufunge kidogo, mwaka huu mashamba yamekauka.

#38 KaaKoche
Nikusanye jaribio basi. Ukimharibia Pelagibacter kile kisafirishi cha DMSP, ukampa methionini badala yake, akakua sawasawa, si #19 ameshindwa na #3 ameshinda?

#39 Mkaguzi_wa_Hoja
Hapana, kwa sababu methionini nayo ina kaboni tano. Mpe salfa bila kaboni, mfano salfaidi tupu, kisha mpe kaboni kwa mlango mwingine.

#40 ShungiLaZenji
Na mlango ulioharibu ndio uleule wa betaini. Akizorota hutajua kama ni salfa, kaboni au chumvi. Lazima uharibu mfuko wa kushika DMSP ubaki wa betaini, na nimeshawaambia unashika kwa triptofani zilezile.

#41 FundiPampu
Elektroni 8 jamani.

#42 Mtepe72
Kahawa ya pili imefika. #40, hebu endelea hapo kwenye triptofani.